Jino Moja, Mara Kumi na Moja

Jino langu moja la nyuma lilizibwa mara kumi na moja ndani ya miaka minne. Na mtu yule yule.

Mtu mwenyewe ni baba yangu. Daktari wa meno, miaka arobaini na moja kazini.

Sio daktari wa kubabaisha, jamani. Mtaani walimwita Koleo. Aliwang'oa meno bibi, mama na mjukuu wa nyumba moja, na wote wakipishana naye walimsalimia kwa mbali, midomo wameibana.

Nyumbani alitulea wanne. Maneno matamu hakuyajua kabisa. Ila jino lako la kwanza liking'oka, tarehe aliiandika.

Alipostaafu alikuja na kiti cha wagonjwa, akakiweka chumba cha nyuma. Mama alimcheka mpaka basi.

Kisha mama akafariki. Ndugu zangu wakawa watu wa kupiga simu mara moja moja. Nikabaki mimi, mwendo wa saa mbili kwa basi.

Na jino langu kila baada ya miezi michache linazibuka. Nampigia nimefura.

"Baba, limezibuka tena!"

"Njoo Jumamosi, mama. Usile karanga."

Naenda. Ananiwashia taa usoni, dawa yake inanukia karafuu chumba kizima. Vidole vikishaingia mdomoni mwangu, ndipo anaanza kunihoji.

"Kazini wanakusumbua?"

"Aaa."

"Na mume wako?"

"Ooo."

"Vizuri."

Halafu tunakunywa chai, kimya. Nikitazama saa tu, ananiambia dawa haijashika bado, nisubiri kidogo.

Baada ya mara ya kumi na moja nilichoka. Nikasema moyoni, mzee mkono umeshamchoka huyu. Lilipozibuka tena nikampigia.

"Baba, safari hii nimepata daktari huku karibu. Wewe pumzika."



"Sawa, mama. Mwambie asikuumize."

Wiki tatu baadaye tulimzika. Walisema ni moyo.

Nilikaa na lile shimo mwezi mzima kabla ya kwenda kwa huyo daktari mpya. Mdada mchangamfu. Akachungulia, akachungulia tena.

"Dada, nani alikuwa anakuziba?"

"Kwa nini?"

"Haya mabaki ni ya dawa ya muda. Inawekwa wiki mbili tatu, halafu unarudi kuwekewa ya kudumu. Na shimo lenyewe limesafishwa vizuri ajabu, hii ni kazi ya fundi kweli kweli. Ilibaki nusu saa tu amalize. Sijui kwa nini hakumaliza."

Mimi nilijua. Nililia pale pale kitini, mdomo wazi, na mtoto wa watu akaanza kuniomba radhi.

Akaliziba. Nusu saa kweli.

"Hili limeisha," akasema. "Huna haja ya kurudi."

Nilimkosea baba yangu, na sina pa kwenda kumwambia. Jumamosi zangu zote sasa ziko wazi.

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa, mzazi wako akikupigia kila wiki kwamba redio haishiki, saa ya ukutani imesimama, taa ya chooni imegoma, usimtumie fundi.

Nenda wewe.