Nyumba Chini ya Shamba la Ulezi

Sanumaya Thokar alikuwa na ugonjwa usio na dawa: kutaka kujua chini kuna nini. Siku chache baada ya kuolewa kijijini Gairi, wakwe walimkuta amepiga magoti nyuma ya zizi, mkono umezama katikati ya mawe, anatafuta ukuta ulikoanzia. Mama mkwe wake, Mendo, aliuliza kama wameletewa mke au panya buku.

Basi tetemeko lilipoangusha nyumba, na wanaume wengi wako Uarabuni kwenye vibarua, wanawake wakafundishwa uashi. Sanumaya alikuwa keshajifunza nusu yake kwa kuchokonoa. Akawajengea majirani, huku Mendo akiendelea kulala chini ya mabati, kifua kikimbana kila mvua ikija. Bibi huyo alitaka kitu kimoja tu duniani: nyumba kwenye shamba la ulezi aliloonyeshwa na marehemu mumewe, pana, lenye jua tangu asubuhi. Mwaka ule, kabla ya mvua, ilikuwa zamu yake.

Lama Singi, kuhani wa kijiji, alikuja kutafuta mahali pa kuanzia. Kwa imani yao, ardhini amelala nyoka mwenye ardhi hiyo, nusu mtu mwenye mikono, naye hugeuka kila mwezi. Jembe la kwanza lazima limguse kwapani. Ukimpiga kichwani, umejiitia msiba. Mwezi ule kwapa liliangukia pembe ya nje, upande wa bondeni.

Sanumaya alifurahi, maana kwenye mteremko msingi huanzia ngazi ya chini kabisa ndipo upandishwe. Ila kila mtu wa milimani anajua kwamba shamba la ngazi ni nusu mlima, nusu kifusi: mababu walikata ndani, wakajaza nje. Kwa hiyo huko nje unachimba mpaka ukute ardhi isiyowahi kuguswa na jembe.

Alichimba, kifusi kikamfika kiunoni, kikamfika kifuani. Mumewe, Karsang, alikuwa juu akivuta ndoo.

"Shemeji," jirani mmoja alimwita akipita na mzigo wa majani, "ukitokea kwa Wachina utuletee chupa ya chai."

"Nitakuletea mke," Sanumaya akamjibu kutoka shimoni. "Labda huko yupo wa kukutaka."

Halafu mtaimbo ukagonga jiwe. Alipofagia udongo kwa mkono, ukatokea ukuta mnene, uliopangwa na mtu aliyeijua kazi yake.

"Yamekwisha," Karsang alisema. "Wazee wametumalizia kazi. Weka msingi hapo hapo juu."

Ndivyo wafanyavyo wote huko. Ukuta wa babu ukiukuta, unaushukuru na kuukalia. Hata Sanumaya alikwisha kufunga uzi wa kupimia. Lakini jicho lake lilinasa pembeni: ukuta ule ulikata kona, ukaingia ndani ya mlima. Ukuta wa kuzuia shamba huufuata mlima. Una haja gani ya kona?

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Aliinama siku nzima, akiufuata kwa vidole. Alikuta kizingiti, kisha mawe matatu meusi kwa masizi, na pembeni jiwe la kusagia, nusu yake ya juu bado imekaa mahali pake. Alishusha timazi. Ukuta wote, kona kwa kona, ulikuwa umeinamia bondeni. Hapo akaogopa, akaogopa sana. Mlima uliwahi kushuka hapa, ukaimeza nyumba nzima, watu wakasawazisha juu yake na kupanda ulezi, na habari yenyewe ikafa. Na mlima ulioshuka mara moja huweza kushuka tena.

Lama Singi alipoitwa alichungulia, akakuna kidevu. "Mimi nilikuonyesha kwapa," alisema. "Kilichofichwa kwapani sikukisemea."

"Fukieni," Mendo alisema. "Mjenge. Mimi nitaishi miaka mingapi tena?"

Sanumaya alijua angeweza. Kwa msingi wa ngazi pana na mawe marefu ya kufungia kuta, nyumba huenda ingesimama kupita umri wa bibi. Huenda.

"Mama, njoo uone kwanza. Ukisha kuona ukisema nijenge, nitajenga."

Wakamteremsha kwa ngazi ya mianzi, Karsang akimshika kwapa, naye akiwatukana wote wawili. Aliketi mbele ya mafiga kama alivyoketi maisha yake yote akisonga ugali wa ulezi, akanyoosha mkono, ukaliangukia jiwe la kusagia.

"Huyu ni nani?" aliuliza.

"Hatujui, mama."

"Ni wa kwetu?"

"Hatujui."

Alikuna masizi kwa ukucha, akayatazama. "Alikuwa anasaga," alisema taratibu. "Hakupata hata nafasi ya kuinuka." Kisha akamgeukia Sanumaya. "Wewe, mwanangu, watoto wako wangelala upande gani?"

"Huu huu, mama."

Mendo aliomba ngazi.

Kule juu kwenye ubavu wa mwamba, walikochagua kujenga badala yake, kwenye upepo na jua la kuchelewa, kwapa la nyoka lisingefika mpaka baada ya masika. Mvua zikamkuta Mendo bado chini ya mabati, akikohoa, na kila aliyeuliza mbona huyo mkwe fundi anajengea watu wengine tu, alijibiwa na bibi kwamba ni yeye mwenyewe aliyekataa kujengewa.