Kikatuni cha Ukutani na Uji wa Mama

Nyumbani kwetu Masasi, baba alikuwa na picha moja tu ukutani ambayo haikuwa ya Yesu. Ilikuwa kikatuni cha zamani kilichochapwa Uingereza, kimetiwa fremu na kioo. Aliachiwa na mwalimu mzungu waliyefundisha naye shule ya Chidya. Mhariri mnene amesimama mbele ya sufuria inayochemka, anakoroga kwa kalamu ya wino, anatumbukiza panya, viatu vya watu, barua za siri. Mbele yake wamejipanga mabwana wenye kofia ndefu, kila mmoja na bakuli lake. Baba alikuwa akikitazama anacheka peke yake. Sisi hatukuona cha kuchekesha. Magazeti tuliyoyajua yalifika yamechelewa wiki nzima, yamejaa hotuba na mavuno.

Kisha ikaja ruksa. Maduka ya watu binafsi ruksa, mitumba ruksa, na magazeti ya udaku yakaanza kushushwa na basi pale stendi. "Wameshafika na sufuria yao," baba alisema, na hakuyagusa. Mimi niliyasoma. Nilikuwa mwalimu kijana, nikijiona mjanja wa mji.

Baba alikufa kwa ugonjwa wa ini, miezi saba kitandani, kila mtu akiona. Siku ya mazishi mtani wake wa Lukuledi, mzee waliyetaniana maisha yao yote, akaruka ndani ya kaburi akajilaza.

"Hazikwi mtu hapa," akasema. "Huyu mjane kamtilia sumu kwenye uji ili arithi mikorosho. Nipeni jogoo wangu, ndipo niwaachie shimo."

Watu wakaangua kicheko, mama naye akacheka katikati ya machozi. Mzee akapewa jogoo, akatoka, akawa wa kwanza kutupa udongo. Ndivyo tunavyozikana kwetu.

Wiki iliyofuata nilimsimulia haya muuza magazeti wa stendi. Alikuwa pia akiyaandikia habari, na nilijua. Nilitaka tu acheke. Alicheka sana, akaninunulia soda. Naye alitoka kwenye kabila lenye watani, kwa hiyo alijua kabisa alichokuwa anasikia. Siku chache baadaye basi likashusha kichwa cha habari: MJANE AMNYWESHA MUMEWE UJI WA SUMU, KISA MIKOROSHO. Jina hawakuliandika. Waliandika mjane wa mwalimu, na mtaa wetu.

Nilidhani watu watacheka tena. Si walikuwepo? Si walimwona mtani shimoni kwa macho yao? Lakini tulikuwa tumekulia mahali ambapo kilichopigwa chapa ni cha Mungu au cha serikali. Jirani yetu, aliyemshika mama mkono kaburini, alinijia na gazeti lake. "Mwalimu, nilikuwepo," alisema. "Ila hili limeandikwa."

Mama ndiye aliyewapikia uji wanawake wote waliojifungua mtaani, na akina mama wa kanisa. Hakuna aliyemtukana. Walikuja, wakaamkiana, wakaketi chini ya kile kikatuni, na akileta uji wakasema wameshiba. Siku ya arobaini alipika masufuria mawili. Kaka zake wakashuka kutoka Mkunya, wakafungua kitambaa, wakala muhogo waliokuja nao. Mama akanywa bakuli zima mbele yao, polepole, ili wamwone hafi.

"Nani aliyapeleka maneno haya?" aliniuliza tukiosha masufuria.

Nikasema sijui. Yule muuza magazeti namchukia mpaka leo, lakini ni chuki ya mwizi anayemlaani aliyenunua mali ya wizi. Mama nilimwuza mimi, kwa soda.

Aliishi miaka sita zaidi, akipika kidogo, cha mtu mmoja. Alipokufa, mtani wa Lukuledi alikuja, mkongojo mkononi, akaketi mbali na kaburi. Nikamfuata na jogoo kwapani, nikapiga goti.

"Shikamoo, mzee. Mtanie mama."

"Marahaba, mwanangu. Naogopa. Nilimtania mara moja, maneno yangu yakamlaza na njaa ya watu mpaka leo hii."

Watu walikuwa wamegeuka, wanamsubiri. Akainamisha kichwa. Tukamfukia mama kimya, na jogoo nikarudi naye nyumbani.