Bei ya Bustani ya Mwisho

Ilikuwa mwaka wa mafuriko. Hapana, nisidanganye, ni mwaka uliofuata, nyumba mpya zilipokwisha kupakwa rangi. Mpanda ukoka hakutaja bei ya bustani hata moja kabla ya kupiga goti, kufikicha udongo, kuunusa na kukung'uta vidole.

"Mzee, unapima bustani au unaonja mchuzi?" msimamizi wa ujenzi alimtania.

"Udongo ndio unaotaja bei, bwana," alijibu, kwa sauti ya mtu aliyeketi karibu na mgonjwa.

Kwenye bustani ya mwisho alifikicha, akafikicha tena, bei haikutoka. Shamba lililojengwa nyumba zile lilikuwa la familia yake kabla kaka yake hajaliuza, na mama yao alizikwa pembe ile ile ya bustani ya mwisho. Safari hii hakukung'uta vidole. Alimuuliza msimamizi kwa upole:

"Bwana, mlipochimba msingi, mama yangu mlimpeleka wapi?"