Taa Nyekundu na Mkwe Mwenye Adabu

Mke wangu alikuwa na mtoto wa jicho kwenye jicho moja, la pili nalo limeanza ukungu, na daktari mgeni wa kumpasua alikuwa Dodoma siku hiyo moja tu. Saa nne ikikupita, jina lako linarukwa, usubiri arudi, na lini atarudi hakuna aliyejua. Basi tukatoka Mlali alfajiri na gari langu. Kuukuu, lakini lilikuwa halijanitukana mbele za watu.

Niliendesha mimi. Shule niliishia darasa la tatu, ila gari nalijua kwa masikio. Mke wangu kando yangu, kikapu chake cha karanga na mlenda mkavu amekisokomeza katikati ya viti, maana haendi kwa watu mikono mitupu, hata wakiwa ndio watakaomkata jicho. Nyuma mkwe wetu, mume wa binti yetu, ofisa anayeishi Miyuji. Kwetu Wagogo mkwe hamtazami mama mkwe, wala hagusi wala kutaja vitu vyake, na huyu, pamoja na digrii zake, adabu hiyo kaishika kuliko babu yake. Uso dirishani muda wote, kama mbuzi anayepelekwa mnadani.

Hatujafika lami, taa nyekundu ya breki ikawaka. Mkwe akasema huenda ni sensa, kidude cha kuhisi hitilafu, ndiyo mbovu. Akanieleza sensa kwa Kiswahili cha ofisini, nami nikaitikia kama ninavyoitikia mahubiri. Tukasimama, tukapima mafuta ya breki, yamejaa. Tukaendelea, gari zito, linanuka kuungua.

Tukamkuta fundi kando ya barabara. Akachomeka kidude chake cha kupimia gari, akasoma simu yake kwa muda mrefu.

"Mzee," akasema, "gari lako halina tatizo, ila lina tatizo."

Akamwomba mke wangu ashuke ili aingie chini ya dashibodi. Akashuka na kikapu chake, taa ikazima. Fundi akajisifu. Mke wangu akarudi, akasokomeza kikapu, taa ikawaka. Ilikuwa hivyo mara tatu, na mara tatu fundi alijisifu. Mwishowe akataka kukata waya wa taa, eti nisipoiona haitanisumbua. Nilimkumbuka jirani yangu aliyempiga mbwa wake kwa kubweka usiku. Mbwa akanyamaza vizuri sana, na fisi wakala mbuzi kwa utulivu.

Saa tatu na nusu ikafika. Mke wangu akafuta jicho kwa pindo la kanga.

"Turudi tu nyumbani," akasema. "Nimeshazoea kupapasa."

Hapo mkwe akakohoa, uso bado dirishani.

"Baba, kuna mzigo umeinua breki ya mkono."

Mzigo tu, mwenye nao hakumtaja. Nikavuta kikapu, breki ikashuka, taa ikazima, gari likawa jepesi kama limetua gunia.

Tulifika jina limesharukwa. Mke wangu akambembeleza nesi mpaka akaingizwa, wa mwisho kabisa. Tukabaki kwenye benchi wanaume wawili, nikamwuliza mkwe aliijua lini habari ya kile kikapu.

"Tangu Mlali, baba. Hiyo sensa nilizungushia tu, nikidhani utaona mwenyewe."

Nikatafuta tusi la kumfaa. Sikulipata, maana adabu hiyohiyo ndiyo niliyomsifia mbele ya ukoo mzima siku aliyokuja kuposa.