Chapati Mbichi na Watani Wake

Mimi ni mwalimu wa nidhamu katika sekondari moja hapa Tukuyu, na nidhamu ya kwanza iliyonishinda ni ya mdomo wangu mwenyewe. Hasira ikinipanda nasema kwanza, kufikiri baadaye. Ndivyo nilivyoanzisha utani ambao mababu hawakuujua, na mpaka leo sijaweza kuufuta.

Chanzo kilikuwa binti wa kidato cha pili. Babu yake alitoka pwani na cherehani yake, akafungua duka la kushona Makandana, akaoa, akazeeka, akazikwa hapo hapo. Binti mwenyewe kazaliwa hapa, anaamkia wazee "ugonile" vizuri kuliko wanangu, na anapita kwenye tope letu bila kuteleza. Lakini ngozi yake ni nyeupe kidogo, basi wenzake wakambatiza jina: Chapati Mbichi. Akipita, mtu anaigiza kusukuma unga. Akijibu swali darasani, sauti inatoka nyuma: "Imeiva upande mmoja, igeuzeni!" Wakichoka na chapati, wanamuuliza atarudi lini kwao Uarabuni.

Kinara wao alikuwa kijana wa kidato cha tatu kutoka Nkunga, mrefu, kichwa kikubwa, sauti ya ng'ombe aliyemeza redio. Akicheka yeye, shule nzima inacheka, hata wasiojua kinachochekwa.

Mkuu wa shule alijaribu dawa yake ya siku zote, yaani hotuba. Alitusimamisha mstarini akitueleza umoja na upendo, mvua ikitunyeshea, na mvua ya Tukuyu haina adabu. Tuliporudi ndani tulikuwa wamoja kweli, maana wote tulikuwa na mafua. Siku iliyofuata Chapati Mbichi alibaki Chapati Mbichi.

Ndipo baba yake akaja ofisini kwangu, binti nyuma yake akiangalia viatu.

"Mwalimu, nimekuja kuomba uhamisho," alisema. "Nampeleka Tanga kwa dada yangu. Mtoto hali chakula cha mchana, anajificha chooni mpaka kengele ilie. Nimtese kwa lipi?"

"Tanga simjui mtu," binti akasema kwa sauti ndogo. "Halafu nasikia kule mvua inakatika kabisa."

Alilitamka hilo la mvua kama mtu anayetaja ugonjwa. Niliumia. Mtoto wa hapa hapa anafukuzwa kwao kwa mzaha, na mimi ndiye ninayelipwa kuzuia mambo hayo. Nikamwomba mzee anivumilie mpaka tufunge muhula. Akakubali shingo upande.

Nikamwita yule kijana. Aliingia anatabasamu.

"Tulikuwa tunamtania tu, madam."

Hapo hasira ikanipanda mpaka utosini. "Unamtania? Kumbe ni mtani wako! Vizuri. Basi kuanzia leo utani uwe kamili, na masharti yake yote."

Kila Mtanzania anayajua masharti hayo. Watani wanatukanana mchana kweupe, mmoja anachukua kitu cha mwenzake bila kuomba, na ni marufuku kukasirika. Lakini msiba ukiingia, mtani ndiye wa kwanza kufika, anapasua kuni, anachota maji, na ana ruhusa ya kufanya vituko hata mbele ya maiti mpaka apewe kitu atulie. Kesho yake nikatangaza mstarini: yeyote aliyewahi kumwita binti yule chapati ni mtani wake rasmi. Nusu ya shule ikaangalia chini.

Mwalimu wa historia alinifuata akihema. "Utani ni wa vita na safari za mababu! Huwezi kuutangaza kama ratiba ya usafi!"

"Nimeshautangaza," nikamwambia.

Siku chache binti hakufanya lolote. Kisha siku moja ya makande akatoka mafichoni, akaenda moja kwa moja mpaka kwa yule kijana, akachukua sahani yake, akakaa, akala. Siku hiyo zamu ya bwaloni ilikuwa yangu. Kijana akafungua mdomo, akanitazama, akaufunga. Binti alipomaliza akapangusa midomo, akasema, "Chumvi kidogo. Mwambie mpishi, wewe kichwa gunia la viazi."

Nilitoka nje haraka, maana mwalimu wa nidhamu hapaswi kuonekana anacheka mpaka machozi.

Baada ya hapo mambo yakaharibika kwa namna nzuri. Binti alichukua sweta la kijana wakati wa baridi, na kijana akachukua mwavuli wake. Wanafunzi wanaotoka Kyimo, nao watani, walijikuta viazi vyao vya kuchoma vimeliwa. Gunia la Viazi likawa jina kubwa kuliko Chapati. Wengine walianza kuja ofisini mmoja mmoja kuuliza kama kuna namna ya kujitoa kwenye utani. Nikawaambia utani hauna mlango wa kutokea. Lakini si wote walioguswa. Wasichana wawili waliendelea kuhamisha dawati lao kila binti alipokaa karibu, na baba yake aliendelea kuniuliza muhula unafungwa lini.

Kisha Ijumaa moja jioni bibi yake binti akafariki.

Kesho yake asubuhi nilikwenda Makandana na khanga yangu kichwani. Nilimkuta kijana wa Nkunga kafika zamani, na kundi zima la wenzake. Alikuwa kavaa gambuti na sare ya shule, kabeba mkungu wa ndizi begani kutoka kwao, na kuni zilikuwa zimeshapasuliwa. Nikashukuru Mungu, nikakaa na akina mama barazani. Nilidhani imeishia hapo. Lo!

Jeneza lilipoinuliwa litolewe, yule kijana akajitupa mlangoni, akalala chali kwenye tope, mikono kaitandaza.

"Bibi haendi popote!" akanguruma. "Akienda huyu, nani atatupikia chapati? Mtuachie bibi yetu!"

Wabebaji wakasimama. Sheikh akasimama. Mimi niliomba ardhi ipasuke inimeze, maana nilijua shetani wa utani huu ni nani. Jirani mmoja akamshika kijana mguu amburute, akifoka, "Mtoto wa nani huyu asiye na adabu?"

Binti akainuka katikati ya akina mama, macho yamevimba kwa kulia.

"Mwacheni! Huyo wa kwetu. Mtani wangu huyo."

Kulikuwa na mzee mmoja, rafiki wa marehemu babu, aliyekuja naye toka pwani. Alianza kucheka huku machozi yakimtiririka kwenye ndevu. "Mtani!" alisema. "Miaka yote tuliyozikana huku, leo ndiyo mara ya kwanza naona mtani."

Baba wa binti akainama, akavua kofia yake, akamvika kijana pale pale topeni. Haikumwingia. Ilikaa juu ya kile kichwa kama kifuniko cha chupa. Kijana akainuka taratibu, akaishika kwa mkono mmoja isidondoke, akaliweka bega chini ya jeneza, akatembea nao mpaka makaburini. Nililia, na sikujua nalilia lipi.

Muhula ulifungwa. Nilimngoja baba wa binti aje na lile suala la uhamisho, hakuja. Mwisho nikapita dukani kwake, lile lile la kushona aliloachiwa na babu. Nilimkuta anashona kofia kubwa ajabu.

"Mzee," nikamuuliza, "na Tanga?"

Hakuinua macho kwenye cherehani.

"Tanga?" akasema. "Siku nikifa mimi, huko nani atanilalia mlangoni?"