Mbio za Bungulu

Nilipokuwa najitayarisha kwa mtihani wa mbio wa kikosi maalum cha polisi, nilisahau kwamba hapa Beni ukikimbia, watu wanajua vita viko nyuma yako. Asubuhi ya kwanza nilishuka barabara ya Bungulu na mufuko wa mchanga mgongoni. Mama mudogo, aliyekuwa anapanga ndizi zake za kuuza, aliniona, akabeba mutoto na beseni, akakimbia pia. Majirani wakamfuata bila kuuliza. Kwenye kona akanipita.

“Beko wapi?” akauliza bila kugeuka.

“Banani?”

“Bale banakufukuza.”

Nilipomweleza kwamba ni mazoezi tu, alinuna siku mbili. Kisha akatoa sheria: nikimbie nikiimba wimbo wa kanisa, watu wabaki na kazi zao. Mwezi mzima niliimba nikihema.

Siku ya mtihani nilianza kuimba kwa mazoea. Mukubwa wa polisi akauliza kama nimekuja kwake ao kwenye korali ya kanisa. Lakini mtihani nilipita.

Nyumbani, mama mudogo aliuliza jambo moja tu, kama kulikuwa na bamama kwenye zile mbio.

“Hapana,” nikasema.

“Donc ndiyo maana umepita.”