Niliandikisha Jina Langu, Nikamnyang'anya Wajina Wangu

Makosa ni yangu, na sitamsukumia mtu. Jina langu sitalitaja hapa, maana ndilo lililonitia wazimu.

Uhuru ulipokuwa ungali mbichi, nilianza kufuma sweta kwa mashine hapa Nyeri mjini. Baridi yetu mnaijua. Wazazi walitoka Tetu kutafuta sweta za shule, na waliniulizia mimi kwa jina. Mteja mmoja akanishauri niliandikishe hilo jina liwe alama ya biashara, watu wasiliibe.

Nikaenda Nairobi, nikajaza fomu, nikangoja miezi. Cheti kilipofika na mhuri wa serikali, jamani, nilirukaruka barabarani kama msichana wa shule! Nilikitia kwenye fremu. Lebo yenye jina langu niliishona hata kwenye aproni. Kanisani nikipewa nafasi ya kusema, nilijitaja mara mbili.

Loya aliyenisaidia alinieleza vizuri. Cheti kinamzuia mtu baki kuuza sweta kwa jina langu, lakini aliyezaliwa na jina hilo hilo, akilitumia kwa haki, siwezi kumkataza. Mimi nilisikia nusu ya kwanza tu.

Sasa, niko na binamu, mtoto wa baba mkubwa. Ni wajina wangu, sote tuliitwa jina la cucu, nyanya yetu mzaa baba. Alifungua kibanda cha sweta Karatina na kuandika jina lake kwenye bango. Lake mwenyewe! Niliposikia, damu ilichemka. Sikumuuliza loya. Nilimtafuta mpiga taipu, nikamwambia amwandikie binamu barua, kwamba baada ya siku saba asilitumie jina hilo kwenye sweta, kwenye bango, wala mahali pengine popote.

Hayo ya "mahali pengine popote" niliyatunga mwenyewe, na niliyapenda sana.

Wajina aliteremsha bango. Nikawanunulia mafundi wangu chai na mandazi, ati nimeshinda kesi! Sikujua kwamba barua ilikuwa inasomwa nyumba hadi nyumba kwa jamaa zetu wote.

Muda si muda, kaka yangu akapata binti wa tatu. Kwetu, wawili wa kwanza huitwa majina ya nyanya zao. Wa tatu alipaswa kuitwa jina langu, mimi dada mkubwa. Na mimi sikujaliwa mtoto. Mnaelewa nilivyoingoja siku hiyo?

Nilipanda Tetu kwa kaka na sweta ndogo ya manjano. Nikampakata mtoto, nikamwita kwa jina langu. Kaka akaniambia, wala hakuwa na hasira, kwamba wamempa jina la mdogo wetu wa kike.

Nikamuuliza kwa nini.

"Dada, barua yako ilisema mahali pengine popote. Tuliogopa."

Nilidhani ananitania, nikacheka. Nilicheka peke yangu.

Kesho yake nilikwenda Karatina. Wajina alikuwa anampima mteja mabega. Nikamwomba msamaha, huyo mteja akisikia. Nikamwambia alichonieleza loya tangu mwanzo, na kwamba ile barua haikuwa na nguvu.

Alikunja utepe wake polepole. "Kwa hivyo ulijua?"

Nikasema ndiyo. Sijawahi kutamka neno zito kama hilo.

Wiki iliyofuata bango lilirudi juu. Salamu tunapeana, lakini kuniita wajina aliacha.

Ndugu zangu, jina lako ukitaka liandikishe, ni haki yako. Lakini kabla hujamtumia mtu barua, uliza ni nani mwingine amezaliwa nalo, na nani bado anangoja kupewa.

Mtoto wa kaka sasa anatembea. Akija kwangu namwita kwa jina la mdogo wangu, naye anaitika vizuri tu.